Waraka kwa Wanachama: Kila Mmoja na Kifurushi Chake

Kwa: Wanachama wote wa kikundi cha RISC-V, Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi
Kutoka: Katibu
Yah: Kuhamishia programu kwenye RISC-V

Ndugu wanachama,

Kusifu tumesifu vya kutosha. Kila tukikutana ni yaleyale: RISC-V ilianza mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako Krste Asanović na wanafunzi wake Andrew Waterman na Yunsup Lee, wakiwa na David Patterson, walitaka seti ya maagizo ya kufundishia na kufanyia utafiti bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote, atakayeitumia hadaiwi mrabaha. Yote ni kweli, na sambusa za mikutano hiyo zilikuwa tamu. Lakini prosesa haiishi kwa sifa. Inaishi pale mtu anapoandika amri ya kusakinisha programu anayoihitaji, ikaingia na ikafanya kazi. Ombi la waraka huu ni moja: kila mwanachama achague kifurushi kimoja cha programu huria anachokitumia mwenyewe, akijaribu kwenye RISC-V, akitengeneze kikiwa na kasoro, na adumu nacho.

Wapo kati yetu wanaoamini kwamba fedha za makampuni makubwa zitatumalizia kazi hii. Waitazame Itanium. Intel na HP waliigharamia kwa miaka, ikaingia sokoni 2001. Programu za x86 zilijikokota juu yake, na kompaila zilizotegemewa kuyapanga maagizo kwa ustadi hazikufikia pale zilipotarajiwa. Mwaka 2003 AMD ikaleta Opteron, prosesa ya biti 64 iliyoendesha programu za zamani kama zilivyo, na watengeneza programu hawakuona sababu ya kuhama. Shehena za mwisho za Itanium zilitoka 2021, na toleo la 6.7 la kerneli ya Linux likaifuta kabisa. Fedha zilikuwepo. Watu waliokaa usiku na programu zao wakizihamisha ndio waliokuwa wachache.

ARM nayo ina somo lake. Mwaka 2019 Linus Torvalds alitoa hoja kwamba haitashika kwenye seva mpaka watengeneza programu wawe nayo mezani, kwa sababu mtu hupeleka kwenye seva kile alichokijaribu nyumbani kwake. Mwaka uliofuata Apple ikatoa kompyuta za M1, na watu ambao ARM haikuwahi kuwakosesha usingizi wakaanza kurekebisha programu zao, kwa kuwa sasa iliyogoma ilikuwa laptopu yao wenyewe.

Basi mezani kwetu kuna nini? Kuna zaidi ya tunavyodhani. Aliyenunua ESP32-C3 kwa ajili ya mradi wa vihisi tayari ana RISC-V, hata kama hakuwahi kulisoma jina hilo kwenye kisanduku. Raspberry Pi Pico 2, iliyotoka Agosti 2024 kwa dola 5, ina jozi ya viini vya ARM na jozi ya viini vya RISC-V ndani ya chipu moja, nawe unachagua iwake na ipi. Sijaona kifaa bora cha kufundishia kuliko hicho: msimbo uleule, bodi ileile, unaukompaili mara mbili na kulinganisha.

Asiye na bodi asijifiche nyuma ya kukosa bodi. Kwenye Debian au Ubuntu sakinisha gcc-riscv64-linux-gnu na qemu-user. Andika riscv64-linux-gnu-gcc -static jaribio.c -o jaribio, halafu qemu-riscv64 ./jaribio. Programu ya RISC-V inakimbia kwenye laptopu yako ya kawaida. Inakwenda polepole, tena kifurushi kikubwa kitakusubirisha mpaka chai ipoe, lakini kasoro nyingi huonekana hapohapo. Wenye bando dogo wapakue mara moja wakiwa chuoni au kazini. Baada ya hapo kazi yenyewe haihitaji intaneti.

Nieleze kasoro moja kwa kirefu, maana mtakutana nayo. Msimbo mwingi wa C wa zamani husoma faili herufi kwa herufi hivi: unatangaza kigeu char c, kisha unazunguka while ((c = getchar()) != EOF). Kwenye x86 hufanya kazi miaka nenda miaka rudi. Uupeleke RISC-V: programu inafika mwisho wa faili na haisimami. Inazunguka, feni inalia, na mtu anaanza kuilaumu prosesa. Prosesa haina kosa. EOF ni -1. Kwenye Linux ya x86, char inaweza kubeba namba hasi, kwa hiyo -1 inabaki -1 na mzunguko unakoma. Kwenye Linux ya RISC-V, char haibebi hasi. -1 ikiingia humo inakuwa 255, na 255 haitalingana na -1 hata ungoje mpaka kesho. Kiwango cha C kinaruhusu hali zote mbili. Aliyekosea ni mwandishi wa msimbo, tangu siku ya kwanza, ila x86 ilimfichia. Dawa ni neno moja: c itangazwe kuwa int, kwa sababu int ndiyo aina ambayo getchar hurudisha. Kuna njia ya mkato, kumwambia kompaila -fsigned-char, na baadhi yenu mmeshaanza kuizoea. Hiyo ni kumeza panadol kwa jino bovu. Ukitengeneza chanzo, unamsaidia na mtu wa ARM, kwa kuwa Linux ya ARM nayo char yake haibebi hasi.

Nyingine nazitaja kwa haraka. Ukigawa namba kamili kwa sifuri, x86 huiua programu. RISC-V hurudisha biti zote zikiwa 1, yaani -1, na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, hivyo jaribio lililotegemea programu ife litafeli. Vifurushi vya zamani vina faili la config.guess lililoandikwa kabla RISC-V haijajulikana, na hukwama hata kabla ya kukompaili. Badilisha hilo faili kwa jipya. Ngumu kuliko zote ni nyuzi mbili zinazogawana kumbukumbu: x86 hulinda kwa ukali mpangilio wa kuandika kwenye kumbukumbu, RISC-V imelegeza, kwa hiyo bendera ya "data iko tayari" inaweza kuonekana kwa uzi wa pili kabla ya data yenyewe. Ukishuku umegusa hiyo, usihangaike peke yako. Tuite.

Kiraka kikishakamilika, kipelekwe kwenye mradi mama. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kiraka kinachokaa kwenye folda yako ni chako na kitakufa na diski yako. Andika maelezo mafupi: nini kiliharibika, kwa nini, umejaribu kwenye nini, na kama ni qemu sema ni qemu. Mtunzaji akikujibu kwa ukavu, mjibu kwa hoja. Wengi wao wanafanya kazi hii baada ya saa za kazi na hawana bodi ya RISC-V. Ukimtumia matokeo ya majaribio umemsaidia kuliko ukimtumia hotuba.

Ndivyo mengine yalivyofika yalipo. Kerneli ya Linux ilipokea RISC-V katika toleo 4.15 mwanzoni mwa 2018. Debian iliikubali kuwa usanifu rasmi Julai 2023, na toleo la 13, Agosti 2025, ndilo la kwanza kutoka nayo rasmi. Katikati ya tarehe hizo kuna maelfu ya vifurushi, kila kimoja na mtu aliyekifuatilia. Maabara ya PLCT ya Akademia ya Sayansi ya China imefanya sehemu kubwa ya kazi za namna hii kwa kuwatumia wanafunzi walio kwenye mafunzo ya vitendo. Wanafunzi tunao. Wanaokuja kwetu tumezoea kuwapa kiti cha nyuma wasikilize mada. Kuanzia sasa mgeni akae pembeni ya mwenyeji, wafungue kifurushi pamoja, na aondoke akiwa amekompaili kitu kwa mkono wake.

Kwa wanaotaka kununua bodi ya Linux, tahadhari. Chipu ya Milk-V Duo ina maagizo ya vekta ya rasimu 0.7.1, ambayo hayaendani na toleo 1.0 lililoidhinishwa 2021. VisionFive 2 haina vekta kabisa. Ubuntu 25.10 inataka wasifu wa RVA23, ambao unalazimisha vekta 1.0, kwa hiyo bodi hizo haziwezi kuiendesha. Debian 13 na Ubuntu 24.04 bado zinazikubali bodi za RV64GC, yaani seti ya msingi isiyo na vekta. Msinunue kwa kuvutiwa na tangazo. Ulizeni kwanza, na tukiweza tununue moja ya pamoja iliyo imara kuliko tano dhaifu. Na msimwahidi mtu kasi: bodi hizi bado ziko nyuma sana ya laptopu za kawaida, na mteja aliyedanganywa mara moja harudi.

Kabla ya mwisho wa mwezi kila mmoja anitumie jina la kifurushi chake. Kikiwa kikubwa, jiungeni wawili. Atakayekuta chake kinajengeka na kupita majaribio yote bila kuguswa, naye alete taarifa, na toleo alilojaribu. Kisha achague kingine. Mkutano ujao hautakuwa na mada. Njooni na laptopu zikiwa zimechajiwa, na yeyote mwenye waya wa umeme wa matundu mengi aje nao, maana ukumbini soketi ni mbili tu.

Wenu,
Katibu