Mficha Uchi Hazai

Ndugu zangu, leo nasema jambo ambalo sisi vijana wa kiume tukikaa kupiga stori tunalikwepa au tunaligeuza utani: uvimbe kwenye korodani.

Kwetu pwani uvimbe wowote wa huko chini ni busha au mshipa, basi, yamekwisha. Asiyesema busha atasema ngiri. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapokosea: tunaupa uvimbe jina kabla haujapimwa.

Busha ni maji, ukilimulika kwa tochi mwanga hupita. Ngiri ni utumbo ulioteremka, na mara nyingi huonekana zaidi ukikohoa. Mishipa ya damu nayo hutanuka, hasa upande wa kushoto. Lakini kivimbe kigumu kwenye korodani yenyewe, hata kama hakiumi, chaweza kuwa saratani, na saratani hii huwapata zaidi vijana wa rika letu. Kutouma ndiko kunakotudanganya. Tena maji ya busha yanaweza kuificha, kwa hiyo tochi ya chumbani haitoshi. Daktari atapapasa, atakuandikia ultrasaundi, na ikibidi damu itapimwa.

Wengine husema huo ni ugonjwa wa wazungu. Kweli, sisi weusi hutupata kwa nadra zaidi, ila nadra si kwamba haupo. Sébastien Haller wa Ivory Coast aligunduliwa Julai 2022. Alitibiwa, akarudi uwanjani Januari 2023, na Februari 2024 akafunga bao la ushindi dhidi ya Nigeria kwenye fainali ya Kombe la Afrika. Sasa nani atasema si mwanamume? Ukitolewa korodani moja, kwa kawaida iliyobaki inatosha kwa unyumba na kwa watoto.

Maumivu makali ya ghafla ni habari nyingine. Huenda korodani imejisokota, na baada ya saa 6 hivi inaweza kufa. Usingoje miadi, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.

Jamani, hapa Uingereza matibabu tumeshayalipia pamoja na viza. Jiandikishe kwa GP. Ukiona haya kumvulia suruali daktari wa kike, omba wa kiume, hakuna atakayekushangaa. Na nyie dada zetu, kaka akianza kuzungukazunguka maneno, msimcheke. Msukumeni aende.