Si Kila Herufi Mbili ni Mali

Juzi mwenzetu wa kidato cha kwanza alikuwa tayari kutoa akiba yake yote anunue senti moja ya shaba ya Marekani, eti kwa kuwa maandishi yake yaonekana maradufu. Nilimzuia, nami nataka kueleza sababu.

Mwaka 1955, katika kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, muhuri mmoja wa chuma ulichorwa kwa kugandamizwa mara mbili, na mara ya pili haukukaa sawasawa. Kila senti iliyopigwa kwa muhuri huo ilipata tarehe maradufu, na neno LIBERTY vilevile. Hizo zina thamani kubwa.

Lakini mara nyingi muhuri ulio mzima hutikisika tu wakati wa kupiga. Basi shikeni kioo cha kukuzia. Katika senti ya kweli, herufi zote mbili zimeinuka, na ncha zake zimegawanyika. Katika ile nyingine, utaona kingo bapa kama ngazi, na herufi yenyewe imepungua unene. Hiyo ni senti ya kawaida.

Kwa maoni yangu, ajuaye tofauti hii akanyamaza ili auze, ni mwizi. Nawe usiyejua, uliza kwanza: haraka haraka haina baraka.