Manjano ya Majani Si Jina la Ugonjwa

Mfugaji wa Mkula akiona mabingobingo yake yamegeuka manjano na kudumaa, jibu alipatalo kwa kawaida ni moja: ardhi imechoka, ongeza samadi. Huenda ni kweli. Lakini sura hiyohiyo huletwa pia na ugonjwa, na samadi haiutibu.

Magharibi mwa Kenya ugonjwa wa kudumaa kwa mabingobingo ulienea tangu miaka ya 1990. Mwaka 2004 watafiti waliarifu kwamba wamekuta katika mimea iliyougua fitoplazma, bakteria asiye na ukuta wa seli, akaaye katika mishipa ichukuayo sukari ya mmea. Wahudumu wa afya wanamfahamu ndugu yake, maikoplazma aletaye nimonia, ambaye penisilini haimwezi kwa kukosa ukuta huohuo. Kabla ya Wajapani kuwatambua viumbe hawa mwaka 1967, maradhi yao yalidhaniwa kuwa ya virusi.

Kumkuta kiumbe ndani ya mgonjwa, hata hivyo, si kuthibitisha njia aliyoingilia. Mwaka 2009 watafiti wa ICIPE, Nairobi, waliwalisha wadudu kadhaa mimea migonjwa, kisha wakawahamishia kwenye mizima. Mdudu mdogo afyonzaye utomvu, Maiestas banda, ndiye aliyeonekana kuupitisha ugonjwa.

Bonde la Kilombero linaijua gharama ya kukisia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta malaria kwa takriban mmoja katika kila kumi. Tumekwisha kukubali kwamba damu ipimwe kabla ya dawa. Kwa nini basi chakula cha ng'ombe, ambacho ndicho maziwa ya mtoto yuleyule, kiachiwe makisio? Naona afisa ugani anastahili kuwa na mahali pa kupeleka sampuli ya jani, kama zahanati ilivyo na kipimo cha malaria.

Fitoplazma hamwambukizi ng'ombe wala mnywa maziwa. Hasara yake ni uhaba wa malisho. Hatari kubwa imo katika ukarimu wetu, kwani mabingobingo hupandwa kwa vipande vya shina, na jirani humgawia jirani. Dalili hujitokeza zaidi majani yanapochipua upya baada ya kukatwa. Anayetaka kugawa vipando na akate kwanza, asubiri machipukizi, ayatazame, na shina lolote lililodumaa aling'oe pamoja na mizizi yake.