Vitabu viwili, mchumba mmoja, siku nne

Mimi wiki hii nina kasheshe, tena la kujitakia.

Mchumba wangu ni mtu wa Dodoma. Bahari ameiona, lakini kuiingia bado. Nikamwahidi kwamba likizo yake ya siku nne tutaila Zanzibar, na tangu mwaka jana nadunduliza vijisenti vya makala hizi. Ni mshiko wa safari moja tu, wazee. Tukichemsha, hakuna marudio.

Basi nikaenda kwa wauza vitabu vya mtumba, nikaibuka na viwili vya Kiingereza. Kimoja cha Lonely Planet, kinazunguka Tanzania nzima, Serengeti mpaka Kigoma, Zanzibar ikapewa sehemu yake humo. Kingine cha Bradt, hicho ni cha visiwa: Unguja, Pemba na Mafia. Vyote kaandikiwa mzungu anayeshuka na dola. Kuna mahali vinamfundisha kusema 'karibu', sijui mie nimwambie nani! Halafu vyangu ni matoleo ya zamani, kwa hiyo bei sahau. Nilipiga simu ya gesti moja iliyomwagiwa sifa, akapokea fundi viatu.

Mimi nilishajiamulia Paje. Mchanga mweupe, upepo, vijana wanateleza juu ya maji na vishada vyao, bomba kabisa. Bibie akakaa na Bradt jioni nzima, mimi natazama picha. Mara akauliza:

"Wewe, likizo yangu si inaangukia mwezi mpevu?"

Nikamwambia ndiyo, mbalamwezi, mahaba tupu.

"Sasa maji ya kuogelea nitayapata wapi?"

Jamani, mtu wa Dodoma ndiye ananifundisha bahari. Ni kwamba pwani ile ya mashariki, Paje mpaka Jambiani, ni tambarare hadi kwenye mwamba wa matumbawe. Maji yakipwa, bahari inakwenda zake mbali, unabaki mchanga, mashamba ya mwani na akina mama wanaoyahudumia. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, ni bamvua, hapo ndiyo yanapwa zaidi. Na bamvua la huku maji hutoka saa nne hivi asubuhi. Yaani tunamaliza chai, tunashuka ufukweni na taulo, bahari haipo!

Hapo vitabu vyote viwili vinakubaliana: anayetaka kuogelea muda wowote aende kaskazini, Nungwi au Kendwa. Daladala namba 116 inafika Nungwi, kwa hiyo hata teksi hatuihitaji. Nikadhani yamekwisha. Kumbe Kendwa ndiko kwenye disko la mwezi mpevu. Mwezi ule ule unaokausha Paje ndio unaojaza watu Kendwa! Mie macho yakanitoka kwa furaha, mwenzangu akafunga kitabu.

Tumekubaliana Nungwi. Nikajaribu kuchomekea kwamba maji yakipwa mtu anaweza kutembea ufukweni mpaka Kendwa akacheza kidogo.

"Nenda," akasema. "Maji yakijaa utarudi kwa kuogelea."

Advansi ya chumba inatakiwa Ijumaa. Wiki ijayo nitawaambia kama bado nina mchumba.