Bei ya Jino Si Gharama Yake



Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja, mkazi wa Buyenzi hapa Bujumbura, alikosa masomo siku nne kwa sababu ya gego. Mama yake alikuwa ameulizia bei ya kung'oa jino katika zahanati moja, akatajiwa kiasi, akakikusanya kwa taabu. Siku ya siku ilipofika, akakuta kuna malipo ya kumwona daktari, ya picha na ya dawa. Fedha hazikutosha, wakarudi nyumbani na jino lao.

Sidhani kwamba mama huyu alidanganywa. Aliuliza bei, akajibiwa bei. Alichohitaji kujua ni gharama. Bei hutajwa kwa pumzi moja, bali gharama hujumlishwa: uchunguzi, picha, sindano ya ganzi, kazi yenyewe ya kung'oa, dawa za maumivu, nauli, pamoja na kibarua kilichopotea siku hiyo. Tena jino la mbele lenye mzizi mmoja si sawa na gego lenye mizizi miwili au mitatu. Mzizi ukikatika ndani, huenda daktari akalazimika kupasua ufizi na kuushona, na hesabu ikapanda.

Kwa hiyo, kuuliza kabla ya kukaa kwenye kiti si ufidhuli. Ni haki ya raia. Tuulize: jumla ni faranga ngapi? Kazi ikiwa ngumu, kitaongezeka nini? Je, jino hili laweza kuzibwa badala ya kung'olewa? Mwenye kadi ya bima aulize kadi yake italipa sehemu gani, kisha adai stakabadhi. Wakuu wa vituo nao wabandike orodha ya malipo ukutani, kwa lugha anayoisoma mgonjwa.

Hata hivyo, liko jambo kubwa zaidi. Tangu Mei 2006, serikali ya Burundi iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka 5. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto afikapo miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hulidhani la utoto, wakaliacha lioze wakingoja jingine liote. Haliji jingine. Basi jino la maisha huingia kinywani mara tu msamaha wa malipo unapokoma. Kwa maoni yangu, uchunguzi wa meno katika shule za msingi ungeokoa magego mengi, na fedha nyingi za wazazi.

Darasani tunafundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na wanafunzi huiandika methali hiyo bila kosa. Gego la mwanafunzi wangu liling'olewa wiki tatu baadaye, shavu likiwa limevimba, kwa fedha zilizozidi zile zilizokosekana mwanzo. Ana miaka kumi na sita, na pengo hilo ni lake maisha yote.