Semeni Kabla Hamjashuka Mlimani

Desemba ikifika katikati, tiketi za mabasi ya kwenda Moshi hazishikiki. Wachaga wanakwenda kuhesabiwa, kama wanavyosema, na miaka hii si wote wanaolala kwa wazazi. Kuna wanaofuatana na wakwe, kuna wanaokuja na wenzao wa kazini, kuna wenye watoto ambao chumba cha bibi hakiwatoshi tena. Hao huchukua vyumba katika hoteli za Marangu na Machame. Wengine hukata kona Mombo wakapanda ile barabara inayopindapinda hadi Lushoto, wajipumzishe kwenye ubaridi wa Usambara. Jirani zetu wa Nairobi nao huelekea Nyeri na Nanyuki, wauone Mlima Kenya alfajiri kabla mawingu hayajaufunika.

Nawaandikia ninyi nyote mnaofunga mizigo, na ombi langu ni moja. Huduma ya hoteli ikiwa mbovu, isemeni mkiwa bado hapo hotelini, kwa mtu anayeweza kuirekebisha. Ikiwa nzuri, isemeni vilevile mkiwa hapo, na mtaje jina la aliyeifanya.

Najua kwa nini hatusemi. Tumelelewa tusimwaibishe mwenyeji. Ukikaribishwa ugali na mboga haina chumvi, unakula na kushukuru, na ukitoka unasifu. Adabu hiyo ni nzuri na ninaipenda. Nisingetaka watoto wangu wakue bila hiyo. Lakini hotelini tumelipa, na mwenye hoteli hana njia nyingine ya kujua kitanda cha chumba namba 4 kimelegea isipokuwa aliyekilalia amwambie. Tukinyamaza, hatumsitiri mtu. Mgeni anaoga maji baridi, anamwambia mkewe "yaishe", analipa, anaondoka. Akifika Korogwe anafungua simu, na hapo ndipo anapopata sauti: kundi la familia, kundi la kazini, kundi la waliosoma pamoja. Kabla ya kufika Chalinze ukoo mzima umeshaambiwa hoteli ile haifai. Meneja peke yake ndiye asiyejua, na usiku ule ule anamlaza mgeni mwingine katika chumba kile kile.

Mwaka mmoja mwezi wa Julai nilikuwa nimekaa sebuleni katika hoteli moja ndogo ya Usambara, karibu na moto wa kuni. Mzee mmoja aliyetoka Tanga na mkewe alishuka ngazi, amejitanda shuka mabegani, akaenda mapokezi. Binti aliyekuwa zamu akamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwanangu, nimekuja mapema, bado sijakasirika. Maji ya chumba chetu ni baridi tangu tufike saa kumi. Mama yako miguu inamuuma, hawezi kuogea yale. Tufanyeje?"

Binti hakuanza kujitetea. Alisema, "Pole sana, baba. Bomba la upande ule limeharibika, fundi anakuja kesho. Nipeni robo saa." Alikwenda jikoni mwenyewe. Zikaja ndoo mbili za maji ya moto, na baada ya kuoga ikafuata birika ya chai ya tangawizi ambayo haikuingia kwenye bili. Asubuhi yule mzee alimuuliza jina lake, akamwita meneja, akamweleza yote binti akiwa amesimama pale pale: maji yalikuwa baridi, hilo halikumpendeza, na mtoto huyu aliwatunza, hilo limempendeza sana. Meneja akageuka kumuuliza binti kama wageni wengine wa upande ule nao walipelekewa maji. Akajibu kwamba walikuwepo wa vyumba viwili, lakini hawakusema kitu.

Hao wa vyumba viwili nimewafikiria mara nyingi. Walikuwa kwenye bomba moja na mzee, walilipa bei moja na mzee, wakalala na baridi yao. Mzee hakuwa na cheo wala hakufoka. Alitaja tatizo, akataja tangu saa ngapi, akaeleza anahitaji nini, kisha akamwachia binti nafasi ya kutenda. Mtu yeyote anaweza kufanya hivyo.

Ili tuseme kwa haki, tuujue kwanza mlima tunaoupanda. Kila mnapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban digrii 6. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na Nanyuki inakaribia 1,950. Aliyetoka Dar es Salaam na fulana moja ataisikia tofauti hiyo jua likishazama, hasa kati ya Juni na Agosti. Mitambo ya jua iliyo juu ya paa haichemshi maji vizuri siku ambazo ukungu haujainuka tangu asubuhi, na huku milimani siku hizo ni nyingi. Ndiyo maana hoteli nyingi huchemsha maji ya kuoga kwa pipa la kuni lililojengewa nyuma ya jengo, na kuna mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuliwashia moto ili ninyi mkiamka saa kumi na mbili maji yawe tayari. Hata jikoni mlima una amri yake. Kwenye mita 2,000 maji huchemka yakiwa na digrii 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage na nyama ngumu hukaa motoni muda mrefu kuliko mlivyozoea pwani.

Baridi si kosa la mtu. Blanketi moja jepesi kitandani usiku wa Julai ni kosa la mtu. Maji ya moto kupatikana kwa saa maalumu tu si kosa. Kosa ni mgeni kutoambiwa saa hizo mpaka agundue mwenyewe akiwa amejipaka sabuni. Chakula kikichukua saa nzima, kinachoudhi zaidi ni kwamba hakuna aliyekuja mezani kusema kitachukua saa nzima. Ukisikiliza manung'uniko ya wageni wa milimani, mengi yanahusu taarifa ambayo ingetolewa kwa sentensi moja. Hilo halihitaji mtaji wala nyota ukutani.

Kuna jambo jingine ambalo tunalizungumza chini chini, nami nataka tuliseme wazi. Wengi wetu tumewahi kukaa kwenye meza ya hoteli ya mlimani, tumefika kwanza, tumeagiza kwanza, kisha tukaona mzungu aliyekuja nyuma yetu anahudumiwa kabla yetu. Inauma, na inauma zaidi ukiwa na watoto wanaotazama. Tabia hiyo ina historia. Hoteli za milimani za ukanda huu zilianzishwa kwa ajili ya watu waliokimbia joto. Lushoto yenyewe Wajerumani waliiita Wilhelmstal na kuifanya mahali pao pa kupoa. Treetops, karibu na Nyeri, ilifunguliwa mwaka 1932 kwa ajili ya walowezi na wageni wao kutoka ng'ambo. Mount Kenya Safari Club, nje ya Nanyuki, ilianzishwa mwaka 1959 na William Holden, mwigizaji wa filamu wa Marekani, pamoja na washirika wake, iwe klabu ya matajiri na watu mashuhuri. Babu zetu waliingia katika majengo ya namna hiyo kwa mlango wa jikoni. Kazi ya kuhudumia ilifundishwa ikiwa na sura fulani ya mgeni, na mazoea hayo yamerithishwa kwa vijana ambao hata hawajui yalikoanzia.

Kwa hiyo mkiona hivyo, msihamaki wala msinyamaze. Mwiteni mhudumu, mwambieni kwa upole, "Dada, sisi tulitangulia," kisha baadaye ongeeni na meneja faraghani, mwelezeni ilikuwa saa ngapi na meza ipi. Mkifanya hivyo familia tatu kwa mwezi, meneja mwenye akili atalizungumzia kwenye kikao cha asubuhi. Kama hana akili hiyo, sheria inayo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani inayoisimamia, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Huko ni mbali, na mara nyingi hapana haja ya kufika. Lakini ni vizuri mjue kwamba mkiomba huduma mliyolipia hamuombi fadhila.

Na sisi je, tunawaendeaje wahudumu? Hapa naomba mnisikilize, kwa sababu nimeona mambo ya kusikitisha. Nimeona kijana wa mjini akimpigia mluzi mama wa makamo aliyebeba sinia, mama ambaye mtaani angemwamkia. Nimesikia "wee, njoo hapa!" ikirushwa kutoka meza hadi meza. Mama huyo huenda ametembea kutoka kijijini gizani, kwenye njia yenye utelezi, ili saa kumi na mbili awe anakata mapapai yenu. Mwamkieni. Mwiteni mama, dada, kaka, au someni jina kwenye beji yake. Malalamiko yanayotanguliwa na salamu yanasikika vizuri zaidi, na aliyeheshimiwa hujisikia yuko upande wenu.

Dereva wenu naye msimsahau. Wakati ninyi mnaoneshwa vyumba, yeye anaelekezwa nyuma, kwenye vyumba vya madereva, na mara nyingine baridi ya huko hakuna anayeiulizia. Kesho ndiye atakayewashusha kwenye zile kona. Muulizeni amelala vipi, na kama ni vibaya, liingizeni kwenye mazungumzo yenu na meneja.

Bakshishi tuitoe kwa kufikiri. Wahudumu wengi wanaamini Mwafrika mwenzao haachi kitu, na imani hiyo ni sehemu ya ile habari ya kuhudumiwa wa mwisho. Si lazima iwe kubwa. Ila kabla ya kumkabidhi aliyebeba sahani, ulizeni kama hoteli ina kisanduku cha pamoja, kwa maana anayewasha kuni alfajiri, anayefua shuka kwa maji ya barafu na anayemenya viazi hamtawaona hata siku moja. Na kama bili ina tozo ya huduma, mna haki ya kuuliza inamfikia nani.

Wenye hoteli, wengi wenu mnaishi Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, na mlima mnaupanda mwisho wa mwezi. Nawaomba kitu kimoja kikubwa: wapeni watu wenu ruhusa. Yule binti wa Usambara aliweza kutoa ndoo mbili na birika ya chai kwa sababu hakuhitaji kumpigia mtu simu kwanza. Kwingine nimekuta blanketi za ziada zimefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo yuko mjini. Mhudumu anayejua kwamba chai ya bure itakatwa kwenye mshahara wake hatampa mgeni chai. Atasema "nitafuatilia" na kutoweka. Vyuo tunavyo: Kenya Utalii College ilianza mwaka 1975, na Tanzania tuna Chuo cha Taifa cha Utalii, na mwanafunzi anayetoka huko anajua kazi. Lakini wengi mnaowaajiri ni vijana wa vijiji vya jirani wanaojifunza kwa kutazama. Wakiona mgeni anayelalamika anaitwa msumbufu mara tu akigeuka, watajifunza hilo. Wakiona meneja anatoka ofisini, anavuta kiti na kusikiliza, watajifunza hilo pia.

Lile sanduku la maoni lililo pembeni ya mlango lifunguliwe. Lifunguliwe kila Jumatatu mbele ya wafanyakazi, karatasi zisomwe kwa sauti, za sifa na za lawama, na kinachorekebishwa kiandikwe kwenye ubao pale mapokezi ili mgeni ajaye akione. Mgeni akiona kwamba maneno ya mwenzake yalileta hita mpya, naye ataandika.

Basi mkifika, kabla hamjapokea ufunguo, ulizeni mambo mawili: maji ya moto yanatoka saa ngapi, na usiku huu msimamizi wa zamu ni nani. Andikeni jina lake kwenye simu. Ingieni chumbani, fungueni bomba, bonyezeni godoro, hesabuni blanketi. Kama kuna lililopungua, rudini mapokezi wakati huo huo, fundi akiwa hajaondoka kwenda kwake na jiko halijafungwa.