Kubonyea si kuchanika

Ndugu mwandishi, umeziweka spika zilizobonyea na zilizochanika kapu moja. Hapa Same mjini ukinunua spika ya mtumba, mara nyingi utakuta kile kitovu cha katikati kimebonyea. Kazi yake kubwa ni kuzuia vumbi. Kwenye spika ya besi hutasikia tofauti, maana wimbi la mlio wa hezi 100 lina urefu wa zaidi ya mita 3. Twita, ile spika ndogo ya milio mikali, ndiyo ya kuogopa: mawimbi yake ni ya sentimita chache, ikibonyea kidogo tu mlio unaweza kubadilika.

Cha kupima ni koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi ya spika. Weka vidole gumba pande mbili za karatasi, sukuma taratibu kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku au vumbi la huku tambarare limeingia. Halafu piga wimbo uleule kushoto, kisha kulia, sauti ikiwa chini. Zikilia sawa, lipa. Mpira wa pembeni ukiwa umepasuka, besi itakoroma. Dai upunguziwe bei. Nanyi wa Chome na Mamba, kagueni karatasi yenyewe: unyevu wa milimani huilegeza.